Kampuni ndogo ya teknolojia ya afya: inastahili makala Wikipedia?

Rasimu ya makala kuhusu kampuni haisomwi kuanzia juu. Mhariri mzoefu hushuka moja kwa moja hadi chini, kwenye tanbihi, akafungua viungo kimoja baada ya kingine, na mara nyingi huwa ameshapata jibu kabla ya kusoma sentensi ya kwanza. Huko juu Kiswahili kinaweza kuwa sanifu, nembo ipo, na jedwali la pembeni lina mwaka wa kuanzishwa, makao makuu na idadi ya wafanyakazi. Vyote hivyo haviamui kitu. Kinachoamua ni nani aliyeiandika kampuni hiyo kabla Wikipedia haijaiandika, na alisukumwa na nini.

Neno lenyewe la kigezo hiki, umaarufu, limewaponza wengi. Mwenye kampuni akiambiwa kampuni yake haina umaarufu wa kutosha huona ametukanwa, basi huleta idadi ya wafuasi wa Instagram, idadi ya waliopakua programu yake, na picha aliyopiga na waziri kwenye maonesho ya Sabasaba. Swali halikuwa hilo. Swali ni kama watu wasio na hisa, mkataba, tangazo wala undugu na kampuni wamekwisha kuiandika kwa kina, kiasi kwamba makala nzima ingeweza kujengwa kwa maneno yao peke yao. Kampuni inaweza kuhudumia wilaya nzima na isiwe na umaarufu wa aina hiyo. Nyingine inaweza kufilisika bila kumsaidia mgonjwa hata mmoja na ikawa nao tele. Kukataliwa makala si hukumu juu ya kazi ya kampuni, ingawa ni vigumu sana kumshawishi mwenye kampuni aamini hivyo.

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ambako mabishano haya ni ya kila siku, masharti ya kampuni yalikazwa mwaka 2018 kwa sababu matangazo yaliyovaa joho la makala yalikuwa yamezidi. Kila chanzo hupimwa kwa mambo manne. Kiwe kimeizungumzia kampuni yenyewe kwa kina. Kiwe huru. Kiwe kimetoka kwa mchapishaji anayeaminika, mwenye wahariri na desturi ya kusahihisha makosa yake. Tena kiwe chanzo cha pili, yaani kuna mtu aliyezichambua taarifa, si aliyezinakili tu. Chanzo kimoja lazima kiyapite yote manne chenyewe. Hakuna harambee hapa: viungo ishirini vyenye kasoro havichangishwi vikawa kimoja safi. Vyanzo vinavyopita vinatakiwa viwe zaidi ya kimoja, na ingawa hakuna idadi iliyowekwa kisheria, kwenye mijadala utaombwa uonyeshe vitatu bora. Vitatu bora vikishindwa, cha nne hadi cha ishirini havitaliokoa jahazi.

Sharti la uhuru ndilo lenye mtego, kwa kuwa lina tabaka mbili. Ya kwanza ni uhuru wa mwandishi: asiwe mfanyakazi, mbia, mfadhili wala mtu aliyelipwa. Hiyo huonekana haraka. Ya pili ni uhuru wa maneno yenyewe, na hapa ndipo rasimu nyingi hufia. Mwandishi wa gazeti kubwa, asiyeijua kampuni wala kuipenda, akimhoji mwanzilishi na kuyapanga majibu yake kwa aya, amechapisha maneno ya mwanzilishi. Gazeti ni huru, lakini maneno si huru.

Kalamu tatu juu ya habari moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya watu kumi na wawili jijini Mwanza ina programu inayowatumia wajawazito ujumbe wa kuwakumbusha tarehe ya kliniki. Gazeti la kila siku limeichapishia habari yenye aya kumi na moja, na picha ya mwanzilishi ameshika simu. Ukiitazama kwa mbali, hiki ndicho chanzo ambacho kila mtu angekitamani.

Ichape kwenye karatasi, uchukue kalamu nyekundu, ya njano na ya kijani. Nyekundu ni kwa kila kilichotoka kinywani mwa kampuni au kwa washirika wake. Njano ni kwa habari za kweli na huru, lakini zisizohusu kampuni. Kijani ni kwa kile mwandishi alichokiona, alichokipima au alichokihoji mwenyewe.

Aya ya kwanza na ya pili zinasimulia uzinduzi na jinsi wazo lilivyoanza: nyekundu. Ya tatu hadi ya tano ni nukuu za mwanzilishi: nyekundu. Ya sita ni afisa wa mkoa anayeipongeza kampuni, na ofisi yake ndiyo iliyotia saini makubaliano ya majaribio: nyekundu pia, hata kama afisa ni mtumishi wa umma. Ya saba inataja idadi ya watumiaji, ikifuatwa na maneno “kwa mujibu wa kampuni”. Nyekundu. Ya nane na ya tisa zinaeleza hali ya huduma za wajawazito nchini, ni nzuri, zinafundisha, na hazihusu kampuni: njano. Ya kumi ni bei na mipango ya kufika Geita na Kagera, nyekundu. Inabaki ya kumi na moja. Mwandishi alikwenda kwenye zahanati moja, akamkuta muuguzi bado anaandika tarehe kwa mkono kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu baadhi ya kina mama wanatumia simu za waume zao na ujumbe hauwafikii. Hiyo ni kijani.

Aya moja kati ya kumi na moja. Habari iliyojaza nusu ukurasa wa gazeti imebaki na sentensi mbili ambazo kamusi elezo inaweza kuzisimamia. Zoezi hili huchukua dakika kumi, na linamaliza ubishi kuliko hoja za kurasa tano, kwa sababu aliyeileta habari anaona mwenyewe wekundu ulivyotapakaa.

Wakati mwingine kalamu hazihitajiki hata kidogo. Chukua sentensi moja yenye maneno saba au manane, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute mtandaoni. Ikijitokeza vilevile kwenye tovuti tatu kwa siku mbili zinazofuatana, umeshika taarifa kwa vyombo vya habari iliyobandikwa jinsi ilivyo. Jina la mwandishi nalo lina la kusema: “Na Mwandishi Wetu” si ushahidi wa hatia, ila ni sababu ya kutazama mara mbili. Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo miongozo iliyoandikwa ng'ambo huligusa kwa juu tu. Waandishi huitwa hotelini, hupewa makabrasha, chakula cha mchana na “nauli” ndani ya bahasha, na kesho yake habari inatoka. Si kila habari ya namna hiyo ni ya uongo. Lakini mwandishi aliyefika pale kwa saa mbili na kuondoka na kabrasha hakupata nafasi ya kuchambua, na uchambuzi ndio tunaoutafuta.

Vyanzo vinavyong'aa bure

Habari ya kampuni kupata mtaji, kufungua tawi, kuajiri mkurugenzi, kuzindua toleo jipya au kushiriki kongamano huhesabiwa kuwa za kawaida, hata zikitoka kwenye gazeti kubwa. Crunchbase, hifadhidata ya mtandaoni ya taarifa za kampuni, haikubaliki kama chanzo kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Makala za wachangiaji wa nje kwenye tovuti ya Forbes huchukuliwa kama blogu, tofauti na za waandishi walioajiriwa na jarida lenyewe. TechCrunch, tovuti ya habari za teknolojia, hutazamwa habari kwa habari. Hayo hayana haja ya kuchambuliwa zaidi.

Mtego wa kwetu hasa ni tovuti za wafadhili. Kampuni changa za afya Afrika Mashariki nyingi huanza kwa ruzuku, kwa vituo vya kulea ubunifu, au kwa mradi wa chuo kikuu. Kila mmoja wa hao ana ukurasa wa “hadithi za mafanikio”, na ukurasa huo huandikwa vizuri, una picha za kupendeza na nembo ya shirika linaloheshimika dunia nzima. Mgeni akiuona anadhani ni chanzo cha dhahabu. Lakini shirika lililotoa fedha lina kila sababu ya kuonyesha kwamba fedha hazikupotea. Limeingia ndani ya hadithi, haliwezi tena kuwa shahidi wa nje. Ripoti ya tathmini iliyofanywa na mtathmini asiyehusika, ikachapishwa pamoja na kasoro zilizoonekana, ni kitu kingine. Hiyo iwekwe mezani.

Tuzo nazo zinahitaji macho. Mwaka 2018 Brian Gitta wa Uganda alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa kifaa kiitwacho Matibabu kinachobanwa kidoleni na kutumia mwanga kutafuta malaria bila kutoa damu. Tuzo ni ya heshima na vyombo vingi viliitangaza. Hata hivyo habari ya ushindi inathibitisha ushindi. Inafaa kuandikwa kwenye makala ya tuzo, na pengine ya mshindi. Kwa makala ya kampuni au ya kifaa, swali linabaki lilelile: ni nani aliyerudi miaka iliyofuata akakipima na kuandika alichokiona? Umaarufu haurithiwi. Haushuki kutoka kwa mwanzilishi maarufu kwenda kwa kampuni yake, wala kutoka kwa mwekezaji, wala kutoka kwa hospitali kubwa iliyonunua bidhaa.

Vyeti ni tatizo la jirani. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, unathibitisha kwamba kampuni ipo. Kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyoitwa TFDA hadi 2019, kinathibitisha kwamba kifaa kimeruhusiwa kuuzwa Tanzania. Huko Marekani, kifaa kilichopita njia ya 510(k) ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, kimeonyeshwa kufanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuruhusiwa sokoni, na kampuni hupenda kuligeuza hilo liwe “kimeidhinishwa na FDA”, wakati uidhinishaji ni njia nyingine yenye ushahidi mzito zaidi. Chini ya hapo kuna kujisajili na kuorodhesha kifaa tu, hatua ambayo FDA haitoi cheti chake. Ukiletewa cheti cha usajili wa FDA chenye mhuri na picha ya ndege tai, mtu mwingine ndiye aliyekichapisha. Nyaraka hizi zote ni vyanzo vya msingi, yaani taarifa ghafi ambazo hakuna mtu wa nje aliyezichambua. Zinaweza kuthibitisha tarehe ndani ya makala iliyokwisha kustahili, ila hazileti ustahili.

Kwa nini afya ina ukali wake

Kampuni ya viatu ikijipigia debe kwenye kamusi elezo, hasara ni aibu. Kampuni ya vipimo ikifanya hivyo, kuna mtu ataacha kwenda hospitali.

Theranos ndiyo somo linalotajwa kila mara, na kwa haki. Ilianzishwa na Elizabeth Holmes mwaka 2003, ikadai kwamba matone machache ya damu ya kidoleni yanatosha kwa vipimo vingi, na kufikia 2014 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Mwaka huo jarida la Fortune lilimweka Holmes kwenye jalada. Kwa kipimo cha juujuu, hapakuwa na kampuni yenye vyanzo bora zaidi. Lakini piga kalamu zako tatu kwenye sifa za miaka ile uone zinavyokuwa nyekundu: kilichodaiwa kuhusu mashine kilitoka kwa kampuni. Februari 2015 John Ioannidis, mtafiti wa Stanford, aliandika kwenye jarida la kitabibu JAMA kwamba teknolojia hiyo haikuonekana kwenye machapisho yaliyopitiwa na wataalamu. Oktoba 2015 John Carreyrou wa Wall Street Journal akaanza kuchapisha uchunguzi wake. Mwandishi wa ile habari ya Fortune mwenyewe alikuja kueleza kwa maandishi jinsi kampuni ilivyompotosha. Januari 2022 Holmes alitiwa hatiani kwa ulaghai dhidi ya wawekezaji.

Kwa hiyo kwenye afya kuna malango mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kama makala iwepo. La pili ni nini kisemwe ndani yake. Kampuni ikipita la kwanza, bado sentensi kama “kipimo chake kina usahihi wa asilimia 98” haiingii kwa kunukuu gazeti, hata liwe gazeti gani. Madai ya kitabibu hutakiwa kusimama juu ya mapitio ya tafiti nyingi, miongozo ya kitaalamu au vitabu vya kiada. Utafiti mmoja, tena wa watu wachache, haubebi mzigo huo.

Na utafiti wenyewe usomwe kuanzia mwisho, kama rasimu. Tafuta kifungu cha mgongano wa maslahi, nani alitoa fedha, na waandishi wanafanya kazi wapi. Ukikuta mwandishi wa pili ndiye mkurugenzi wa kampuni, umepata chanzo cha kampuni kilichovaa koti jeupe. Kuna na hali nyingine ya kawaida: jina la kifaa linatokea mara moja tu, kwenye sehemu ya mbinu, kwamba watafiti walikitumia kupima mapigo ya moyo. Hiyo ni sawa na kutaja chapa ya friji iliyohifadhi sampuli. Kinachofaa ni tathmini ya watu wa nje waliokilinganisha kifaa na vingine, au walioitazama huduma ikifanya kazi na kueleza ilipokwama.

Babyl ya Rwanda ni mfano mzuri wa jinsi vyanzo hubadilika. Huduma hiyo ya tiba mtandao ilianza 2016 chini ya kampuni ya Uingereza, Babylon, na mwaka 2020 ikapata mkataba wa miaka 10 na serikali ya Rwanda. Habari za kutia saini mkataba ni nyekundu karibu zote, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zikijisifu. Babylon iliingia soko la hisa la New York Oktoba 2021, ikaporomoka 2023, na huduma ya Rwanda ikasimama. Habari za kuanguka kwa kawaida ni safi kuliko za kuzaliwa, maana hakuna anayemlipia mwandishi nauli aje kuandika kwamba fedha zimekwisha. Lililobaki kwa mhariri ni kuamua kama mambo ya Rwanda yanatosha kusimama yenyewe au yanakaa vizuri zaidi kama sehemu ndani ya makala ya Babylon. Maoni yangu ni kuanza na sehemu, kisha kuitenga ikinenepa.

Mjadala unavyokwenda, na mwenye kampuni anapoingia

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, makala ikipelekwa kwenye mjadala wa kufutwa hukaa siku saba, na huongezewa muda ikiwa wachangiaji ni wachache. Hazihesabiwi kura, hupimwa hoja. “Kampuni hii inaokoa maisha” si hoja. “Mbona kampuni fulani ina makala” nayo si hoja, na mara nyingi huishia kuifutisha na hiyo nyingine. Tangazo la wazi linaweza kufutwa papo hapo bila mjadala. Rasimu isiyoguswa kwa miezi sita hufutwa, ila huweza kuombwa irudishwe.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina kanuni zake na wakabidhi (wasimamizi wenye uwezo wa kufuta makala) wachache, na makala zake nyingi bado ni mbegu za aya moja au mbili. Uchache huo umeigeuza kuwa njia ya panya. Kampuni iliyokataliwa kwa Kiingereza hutafsiriwa kwa mashine, ikapachikwa upande wa Kiswahili, ili itokee kwenye matokeo ya utafutaji. Dalili zake ni rahisi kuziona: Kiswahili kinachopinda, mtumiaji mwenye uhariri mmoja tu, na tanbihi zote za Kiingereza kuhusu kampuni inayojidai ya Dodoma au Kisumu. Kinyume chake pia hutokea na kinasikitisha zaidi. Habari nzuri ya Mwananchi au Taifa Leo hupuuzwa na mhariri wa ng'ambo asiyeisoma. Chanzo cha Kiswahili kina hadhi sawa, hata cha karatasi kisichopo mtandaoni, mradi utaje gazeti, tarehe, ukurasa na kichwa cha habari.

Mwenye kampuni hakatazwi kushiriki. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia, yanamtaka anayelipwa kuhariri amtaje anayemlipa, na mwajiriwa anayehariri makala ya mwajiri wake ni mtu anayelipwa. Njia salama ni kupendekeza mabadiliko kwenye ukurasa wa majadiliano, na vyanzo mkononi. Akumbuke pia kwamba makala ikishakuwepo si yake: taarifa za wagonjwa zikivuja na magazeti yakaandika, zitaingia, na hatakuwa na uwezo wa kuzitoa.

Ajihadhari zaidi na barua pepe inayofika siku chache baada ya rasimu kukataliwa, ikimwahidi kuipitisha kwa malipo. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifungia akaunti 381 za mtandao uliopewa jina Orangemoody. Wahusika wa mtandao huo walivizia rasimu zilizokataliwa, wakawaomba fedha wenye rasimu ili zichapishwe, kisha wakawadai tena ada ya “kuzilinda” zisifutwe. Makala zaidi ya 200 zilifutwa.

Ile kampuni yetu ya Mwanza, basi. Pamoja na habari ya gazeti ina ukurasa kwenye tovuti ya mfadhili, tuzo ya kongamano, utafiti ulioandikwa na mwanzilishi wake na cheti cha BRELA. Viungo vitano, aya moja ya kijani. Makala haitoki. Lakini ile aya si ya kutupa, maana makala kuhusu tiba mtandao inaihitaji, nayo itaingia hivi, ikiwa na tanbihi ya gazeti na tarehe: “Huduma za ujumbe wa kuwakumbusha wajawazito tarehe za kliniki hukwama pale mama anapotumia simu ya mume wake; kwenye zahanati moja muuguzi alikutwa akiendelea kuandika tarehe kwa mkono kwenye kadi.”